Mlinzi wa Bakin Dutsi

Birika la udhu ndilo lililotangulia kutoa habari. Tasalla alilijaza kila alasiri na kuliweka ukumbini, karibu na mlango wa mbele, ili mumewe alikute tayari. Na kila magharibi, tangu wahamie nyumba ile ya Zinder, birika lilikutwa tupu. Halikuwa limepasuka, wala sakafu chini yake haikuwa na unyevu.

"Hata mabirika ya mji huu yana kiu," alisema Tasalla akicheka, akalijaza upya.

Mumewe, Sanusi, hakucheka. Ukumbi ulikuwa ukinuka ngozi mbichi iliyolowa maji. Naye, aliyekuwa fundi wa ngozi, alijua kwamba hakuna kipande hata kimoja alichokiingiza ndani.

Walikuwa wamehama kutoka Maradi. Huko, wezi waliruka ukuta, wakamwekea kisu shingoni binti yao Zuwera, mtoto wa miaka tisa, mpaka baba yake akawatolea kila alichokuwa nacho. Mtoto hakupata hata mkwaruzo, ila usingizi ulimkimbia. Hakuweza kulala tena isipokuwa baba yake aketi kando yake na kumshika kifundo cha mkono. Akimwachia, alishtuka na kupiga ukelele. Mtoto akakonda, macho yakaingia ndani. Na baba naye, kwa kukesha, akawa kama mtu atembeaye ndotoni. Tabibu aliwaambia kwamba mtoto asipolala, mwili wake hautahimili. Wamtafutie mahali atakapojiona yu salama.

Basi Sanusi alipofika Zinder hakutafuta nyumba, alitafuta mtaa. Alizunguka akitazama kuta. Palipopachikwa vipande vya chupa juu ya ukuta, alipita. Palipofungwa mbwa mlangoni, alipita. Alipofika Bakin Dutsi, mtaa uliojibanza kati ya majabali ya mji mkongwe, aliona kuta tupu, milango ya mbao isiyo na kufuli, na pikipiki iliyoachwa nje ufunguo wake ukining'inia. Akanunua kokwa za kola za kutafuna, zawadi ya mgeni kwa mwenyeji, akaenda kwa mkuu wa mtaa.

Mkuu huyo, Mzee Kyari, alikuwa Mkanuri, na Sanusi alikuwa Mfulani. Na baina ya makabila hayo mawili pana utani wa jadi usiomsaza mfalme wala maiti.

"Mfulani!" alisema Mzee Kyari kabla hata ya kuitikia salamu. "Ng'ombe umewaacha na nani?"

"Na babu yako, Mzee. Nimemkuta hana kazi."

"Babu yangu alimnunua babu yako kwa kibaba cha chumvi, akajuta njia nzima. Mtu gani anakula kuliko ngamia!"

Wazee waliokaa mkekani wakaangua kicheko. Sanusi akauliza habari za wezi.

"Hapa? Mwizi ni wewe uliyeingia leo. Sisi tuna mlinzi. Hupita nyumba kwa nyumba, kwa mlango wa mbele, baina ya magharibi na isha. Saa hizo usifunge. Akishapita, sema bismillahi, funga mlango wako, ulale. Ukimfungia ndani, atakuwa wako peke yako."

"Na mshahara wake?"

"Maji tu. Si mlaji kama Mfulani."

Wakacheka tena, na Sanusi akacheka kuwashinda wote. Tangu utotoni hakuwahi kuliamini neno la Mkanuri akiwa katika utani, kama vile hakutarajia Mkanuri aliamini lake. Kwa hiyo maneno yale aliyaacha pale pale mkekani pamoja na maganda ya kola.

Siku ya kuhamia alitia mlango wa chuma wenye makomeo matatu, na adhana ya magharibi ilipoanza, akaufunga.

"Mwenye nyumba," Tasalla alimwambia mumewe, "yule mzee si alisema..."

"Mkanuri yule? Angeniambia nilale juu ya paa, ningelala?"

Dini imetufundisha kufunga milango jua lituapo, na kulitaja jina la Mola wetu tunapoifunga. Sanusi alifunga; lakini ulimi wake ulishughulika na makomeo, ukitaja komeo baada ya komeo, na Jina halikutajwa.

Magharibi ile ile Zuwera alilala peke yake, bila ya kushikwa. Wazazi wake walisimama kizingitini wakilia kwa furaha.

Lakini usingizi ule haukujua kipimo. Ulimchukua machweo, ukamrudisha jua likiwa limekwisha panda. Kisha ukawa unamfuata hata mchana, akiacha ugali wa uwele na bamia haujaguswa. Alilala mkono mmoja ameunyosha nje ya mkeka, kama mtu aliyempa mwenziwe aushike. Na ukumbini, jioni, zilisikika nyayo zikienda hadi kwenye mlango wa chuma, zikasimama, zikarudi.

Ndipo alipokuja jirani yao, Hajiya Delu, sauti yake ikimtangulia.

"Tangu niolewe mtaa huu sijafunga hata kuku! Juzi ameibwa kondoo wangu dume, jana pikipiki ya mwanangu! Nyinyi wageni mmetuletea nini?"

"Hajiya, sisi wenyewe tumekimbia wezi," alisema Tasalla.

Hajiya Delu alikuwa amekwisha vua viatu ili aingie. Akauona mlango, akaugusa kwa ncha ya kidole, na sauti yake ikashuka.

"Huu mnaufunga saa ngapi?"

"Magharibi."

Akaviokota viatu vyake, akaondoka peku.

Alasiri ile Sanusi aliingia chumbani kumwamsha binti yake, akapiga magoti, akaunyosha mkono wake kukishika kile kifundo alichokishika siku nyingi mpaka vidole vyake vikakijua kuliko vinavyoijua sindano, na kabla hajakigusa akaona kwamba nyama ya mtoto imebonyea, vishimo vinne upande huu na kimoja upande ule, vikididimia na kuinuka taratibu kwa kufuata pumzi zake, na ile harufu ya ngozi iliyolowa ikamjia usoni kana kwamba kuna mtu aliyeinama kutoka upande wa pili wa mkeka ili amtazame vizuri.

Alitoka kinyumenyume, na mlangoni akamkuta Mzee Kyari, aliyeletwa na habari za Hajiya Delu.

"Salamu alaikum, Sanusi," alisema mzee.

Hakuuliza habari za ng'ombe. Sanusi alipolisikia jina lake tupu kinywani mwa mtani wake, alijua kwamba utani umekwisha.

"Nilidhani unanitania, Mzee."

"Nilikuwa nakutania. Na nilikuwa nasema kweli." Akatazama makomeo. "Huyu ni wa zamani kuliko kuta zetu. Hana ubaya, ila hawezi kukaa bila ya kulinda. Na aliyelindwa naye peke yake haamki mwishowe. Ng'oa mlango. Kisha umwombe radhi, mbele ya Mwenyezi Mungu, na mimi nitasoma."

Wakaung'oa mlango kwa nyundo, vumbi likiwajaa machoni. Jua lilikuwa linazama. Mzee Kyari akaketi ukumbini akasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, na Sanusi akatamka radhi yake, huku akilitazama pengo la mlango kwa hofu ile ile ya Maradi.

Ndani, Zuwera alisema pasi na kufumbua macho: "Baba, usimtoe. Akitoka, nani atanishika?"

"Mimi, mama. Mimi hapa."

"Wewe huchoka."

Kisha birika likaanguka lenyewe, harufu ikawapita hadi nje, na katika mtaa mzima, ua baada ya ua, kondoo wakasikika wakiinuka mmoja mmoja, kama watu wanaompisha mkubwa. Zuwera akapiga ukelele, akaamka. Baba yake akamkumbatia, akaushika mkono wake.

"Wako ni wa moto," alisema mtoto, akilia.

Wizi ulikoma. Mzee Kyari akarudia matusi yake. Zuwera alilala usingizi wa watoto, baba yake akiwa kando, akimkomboa polepole kutoka katika hofu yake. Naye Sanusi alizoea kuketi hivyo kila jioni, pengo la mlango likiwa wazi nyuma yake, macho yake makavu yasiyofumba tangu Maradi, akimngoja mlinzi apite ndipo atie ubao wa kuliziba na kusema bismillahi.

Jioni moja harufu iliingia kama kawaida. Haikupita. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekishika kifundo cha binti yake. Wa kushoto ulikuwa umelala gotini. Vidole vitano, baridi kama jiwe la ndani ya kisima, vikauzunguka taratibu. Sanusi alifungua kinywa alitaje Jina, na kwa mara ya kwanza tangu Maradi, akasikia usingizi.