Maombi Yasiyofika Amina

Mtaani kwetu wananiita Mama Maombi, na jina hilo nalipenda kuliko nililopewa na mama yangu. Jioni ile nilikuwa nakwenda kanisani kupiga pasi majoho ya kwaya. Kabla sijaingia kwenye gari, jirani yangu fundi cherehani akanikimbilia bila viatu. Mwanawe alikuwa amebanwa na kifua tena, anapumua kwa sauti ya filimbi, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Akaniomba niwakimbize hospitali.

Nikamshika mabega. Nikamwambia Mungu wetu hashindwi, na nikifika tu kanisani nitamwombea mtoto.

"Maombi baadaye, mama," akanong'ona. "Washa gari kwanza."

Iliniudhi, sifichi. Mtu unamwekea Mungu mbele, yeye anataka petroli. Nikawasha gari, nikaenda zangu.

Chumba cha majoho kiko nyuma ya madhabahu, hakina dirisha. Nilikuwa bado kwenye joho la kwanza mlango ulipojifunga. Taratibu, kama unafungwa na mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Nikashika kitasa. Hakikugeuka. Nikagonga, nikamwita mlinzi mpaka koo likakauka.

Mlinzi hakuja.

Kisha hatua... Za miguu mitupu, midogo. Zikakoma mlangoni. Chini ya mlango ikapenya harufu ya dawa ya kuchua kifua.

"Nani?" nikauliza. "Nifungulie tafadhali, nimefungiwa humu."

"Pole sana, mpendwa," sauti ikajibu kwa upole. "Nitakuombea."

Ilikuwa sauti yangu.

Ikaanza kuomba. Baba wa mbinguni, tunamleta mbele zako mja wako huyu... Na kila ilipovuta pumzi, filimbi. Nikaikemea kwa nguvu zote. Nayo ikakemea pamoja nami, neno kwa neno, na kusema kweli ilinishinda kwa ufasaha. Taa ikazimika. Majoho yakawa yananigusa usoni kila nilipogeuka. Kifua kikaanza kunibana. Navuta hewa, haiingii.

"Acha kuomba," nikasema. "Fungua mlango kwanza."

Nilipojisikia nikisema hivyo, nilikiachia kitasa. Niliona aibu, na aibu ile ilinitisha kuliko giza. Kule nyumbani kuna mtoto alikuwa anavuta hewa vivi hivi, na gari nimeliegesha hapo nje, zima.

Maombi yakafika mwisho. "Sote kwa pamoja tuseme..."

Ikanyamaza. Ikangoja.

Amina ilikuwa tayari ulimini. Mazoea yana taabu. Lakini nilijua nikiitikia, basi, shughuli imekwisha. Nimeshaombewa, aliyeniombea aende zake, mimi nibaki humu. Nikauma ulimi. Nikapapasa mpaka nikaishika pasi, nzito na bado ya moto, nikakipiga nayo kitasa. Nikapiga tena na tena, bila kusema neno, mpaka kikang'oka na mlango ukaachia.

Nje hapakuwa na mtu.

Nilimkuta fundi njiani, amembeba mwanawe mgongoni, anakwenda hospitali kwa miguu. Nikasimamisha gari. Akapanda kiti cha nyuma, akampakata mtoto. Alikuwa bado anapumua, lakini kwa shida, na midomo imeanza kubadilika rangi. Nikakanyaga mafuta. Sikuthubutu kulitaja jina la Mungu hata moyoni, nisije nikaona nimeshafanya la kutosha.

Tulipokata kona ya hospitali, fundi akainama mbele mpaka pumzi yake nikaisikia shingoni.

"Mama, nakusihi," akasema. "Acha kuomba, tazama barabara."

Mdomo wangu ulikuwa umefumba tangu kanisani.