Aliyepaka Jiwe Mafuta

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imepinda mara mbili na kutokeza mpaka kwenye korido ya eksirei. Katikati yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na minane, gauni la kijani lililofifia mabegani, kilemba alichokifunga bila kutazama kioo. Mkononi alishika karatasi ya dawa za mama yake: za presha, za kuzuia damu isigande, na mafuta ya kupaka mgongoni ili ngozi isichubuke kwa kulala. Alikuwa akisinzia wima.

Nyuma yake mwanamume akauliza kama hiyo ni foleni ya dawa au ya eksirei. Swali la kawaida kabisa, lakini sauti iliyouliza ilikuwa nzito na tulivu, kama ya mtu asiyedaiwa haraka na yeyote. Mwanamke akageuka. Mwanamume alikuwa mrefu, shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, na skafu shingoni ingawa kulikuwa na joto. Aliyeshtuka ni huyo mwanamume.

"Samahani, dada. Wewe ndiye uliyeandika ile ya malkia wa jiwe?"

Mwandishi akakubali, akajiandaa kuulizwa swali la siku zote, kwamba majini yote yale anayatoa wapi.

"Ukurasa wa tisini kuna sentensi ya mistari kumi na mmoja haina nukta," alisema mwanamume. "Ilinimaliza pumzi. Hapa nimefuata dawa ya koo, na sehemu ya lawama ni yako."

Mwandishi akacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini.

Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo maelezo yalipata nafasi. Mwanamume alifanya kazi kwenye maktaba ya wasioona, akisoma vitabu kwa sauti ndani ya chumba kidogo chenye mazulia hadi ukutani, na kurekodiwa. Vitabu vya mwandishi alikuwa amevisoma vyote sita: riwaya nne za falme na majini, na mikusanyo miwili ya ngano za kale alizozisimulia upya. Mwandishi akamwambia kwamba hata mama yake, ambaye macho yalimpotea baada ya kiharusi, huletewa rekodi kutoka maktaba hiyo na muuguzi anayemtembelea kila Alhamisi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzisikiliza. Saa ya mama kusikiliza ndiyo saa yake ya kuandika, na mlango wa jikoni huufunga.

Walipofika dirishani walikwisha kupeana namba.

Msomaji akawa anampigia saa nane mchana, mama anapolala. Mwandishi alipokea akiwa ameegemea sinki, vyombo vikimsubiri. Kwa miaka tisa maisha yake yalikuwa mduara mmoja: kumwogesha mama, kumgeuza, kumpaka mafuta, kumlisha kwa kijiko, kuandika kurasa mbili, kumgeuza tena. Dada yake mkubwa aliolewa mbali, akawa anatuma salamu na ushauri, na ushauri ulikuwa mwingi kuliko salamu.

Msomaji alipenda kumtania kwa vitabu vyake.

"Nieleze jambo moja, mwandishi. Mashujaa wako wanashinda jitu, wanavuka mto wa moto, mfalme anawauliza wanataka zawadi gani. Wote sita wanaomba kulala. Hata mmoja haolewi."

"Wewe ungeomba nini baada ya kupigana na jitu?"

"Kuoga kwanza. Halafu ningeuliza kama nyumba hiyo ina binti."

Alikuwa amegundua mengine pia. Kila kitabu kilikuwa na dada aliyegeuka ndege akaruka zake, na kila mlango ulifungukia nje tu. Mwandishi alisikiliza akikausha sahani ileile mara tatu. Wasomaji walikuwa wamemsifu kwa mapanga na farasi wenye mabawa, ila hakuna aliyewahi kumsoma namna hiyo, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

Wakaanza kukutana siku za Alhamisi, muuguzi akiwa na mama, kwenye benchi nje ya maktaba. Huko ndiko siku moja mwandishi alipomwambia lile ambalo hakuwahi kumwambia kiumbe yeyote. Kwamba asubuhi nyingine, kabla ya kugusa mgongo wa mama, huomba aukute umepoa. Alilisema haraka, akitazama viatu vyake. Msomaji aliushika mkono wake tu. Ukimya ule ndio uliompenyeza moyoni kabisa.

Wiki tatu baadaye kituo cha redio kilimwalika msomaji kwenye kipindi cha vitabu, azungumzie mambo yanayojirudia katika kazi za mwandishi. Mwandishi alifurahi. Siku ya kipindi alimkalisha mama kwa mito mitatu, akaweka redio karibu na kitanda. Dada mkubwa alikuwa amekuja kuwatembelea, naye akaketi na kikombe chake cha chai.

Msomaji aliongea vizuri. Alitaja ndege, alitaja milango, mtangazaji akacheka palipostahili. Kisha akaulizwa ni lipi linalorudi kuliko yote.

"Kila kitabu kina mtu asiyeweza kufa na mtu asiyeweza kuondoka," alisema ile sauti. "Malkia amegeuka jiwe. Binti yake anampaka mafuta kila asubuhi, na kila asubuhi anaomba jiwe lipasuke. Nadhani mwandishi wetu anaujua uzito wa ombi hilo."

Dada akaweka kikombe chini. Akauliza, bila kupandisha sauti, kama ndivyo anavyomwombea mama. Mwandishi alizima redio. Mama alikuwa ameelekeza uso ukutani.

Nusu saa baadaye simu ikaita. Msomaji alikuwa na furaha, anataka kujua ameonaje.

"Nilikupa siri, umeipeleka sokoni," alisema mwandishi.

"Sikuitoa kwako. Niliiona miaka miwili kabla hatujakutana. Imo kitabuni, mpenzi."

"Niliiweka kitabuni kwa sababu nilidhani hakuna anayejua kusoma."

Akakata. Msomaji alipiga tena siku hiyo, na iliyofuata, na wiki nzima. Mwandishi aliigeuza simu kifudifudi juu ya friji. Dada alikaa siku nne, akapanga upya kabati la shuka, akaondoka akisema kwamba mtu akichoka aseme, asiandike vitabu. Mwandishi alimwacha aende, maana hata hasira inataka nguvu. Mwezi ukapita, ukafuata nusu ya mwingine. Kurasa mbili za kila siku zikawa moja, kisha mistari, kisha akawa anakaa tu jikoni mlango umefungwa, akisikia upande wa pili ile sauti ikimsomea mama yake kitabu cha mtu mwingine.

Kiharusi kilikuwa kimeacha ulimi wa mama mzito, hivyo aliongea mara chache, akichagua maneno. Asubuhi moja, kiganja cha bintiye kikiwa mgongoni na mafuta, akasema:

"Yule hapigi siku hizi?"

"Nani, mama?"

"Sauti."

Mwandishi akasema walikosana. Mama akakusanya pumzi.

"Nilimwomba muuguzi aniletee vyako. Nimesikia vyote sita. Kile cha pili, nikajua jiwe ni mimi."

Mkono wa mwandishi ukasimama. Miaka yote ile alikuwa akiandika jikoni, na chumbani vitabu vyake vikimwambia mama kila kitu. Akajaribu kuomba msamaha, lakini mama hakumngoja amalize.

"Nikusamehe nini? Hata mimi naomba lipasuke. Unadhani unaomba peke yako?"

Mwandishi akalia hapo, uso kwenye shuka, mafuta mikononi hata asiweze kujifuta. Mama alimwacha alie mpaka basi. Kisha akasema mgongo unapata baridi, amalize kupaka. Na yule kijana aitwe, anasoma vizuri, ila anameza herufi za mwisho.

Alhamisi hiyo mwandishi alivaa gauni jeupe lenye maua madogo, la zamani lakini lisilojua hospitali, akaenda maktaba. Juu ya mlango wa chumba cha kurekodia taa nyekundu ilikuwa inawaka, ishara kwamba mtu asifungue. Akasubiri dakika arobaini kwenye kiti cha plastiki. Taa ilipozima, msomaji akatoka na glasi ya maji mkononi. Alikuwa amekonda. Alimwona, akasimama.

Mwandishi akamweleza aliyoyasema mama, neno kwa neno, pamoja na lile la herufi za mwisho.

"Hapo yuko sahihi," alisema msomaji. Akaketi kando yake. "Na wewe uko sahihi pia. Nilijua kabla hujaniambia, kweli. Ila ulipokwisha kuniambia, haikuwa tena yangu kuisema, hata kama imechapishwa. Nilipenda kuonekana najua. Nisamehe."

"Nimechoka hata kukasirika," alisema mwandishi.

"Najua. Na mimi si wa kumwokoa mtu, koo lenyewe bovu. Lakini baba yangu alilala kitandani miaka mitatu kabla hajafariki, najua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Jumanne sirekodi, na Jumamosi pia. Nipe hizo."

Mwandishi alimtazama.

"Unaniposa au unaomba zamu?"

"Vyote viwili. Ila tuanze na zamu, ili unijibu hilo lingine ukiwa umepumzika."

Alifikiri kidogo. Kupitia dirisha la korido watu walikuwa wanaingia na kutoka, fimbo zao zikigonga sakafu kutafuta ngazi.

"Jumanne ni siku ya kumkata kucha," alisema hatimaye. "Anachukia."

"Hata mimi nachukia. Tutaelewana."

Jumanne akafika saa tatu kamili, mikono ya shati imekunjwa. Mwandishi alikuwa amemwandikia ukurasa mzima wa maagizo, dawa ipi na saa ngapi, mto upi chini ya goti. Msomaji aliusoma wote kwa sauti mbele ya mama, akitamka kila herufi ya mwisho, mpaka nusu ya mdomo wa mama iliyo hai ikacheka. Wakamfukuza mwandishi wote wawili.

Akashuka ngazi. Nje jua lilikuwa limeshapanda, maduka yamefunguliwa, watu wanapishana na shughuli zao. Alisimama kando ya barabara kama mtu aliyesahau alichotumwa, akatoa simu akapiga.

"Mama anaendeleaje?"

"Hujamaliza hata dakika tatu. Nenda."

"Niende wapi?"

"Sijui, mke wangu mtarajiwa," ilisema sauti sikioni. "Hilo ni lako."

Hakumkosoa kwa lile jina. Alikata simu, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kushoto kulikuwa na kivuli, akashika kushoto.