Mfu Kwenye Saraka

Alhamisi, jioni. Kasulo.

"Mlango wenyewe hauna akili," Juvenali alisema. "Akili iko kwenye seva."

Walikuwa wanne, chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo. Dirisha limefungwa. Hewa inanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwenye duka alikuwa Bulugu, Msukuma aliyehamia Kasulo kutoka Shinyanga na kundi la ng'ombe ambalo hakuna aliyewahi kuuliza alilipata wapi. Alikaa juu ya gunia la chumvi ya mifugo, kofia magotini. Pembeni yake Bernardo, dereva wake, shingo nene, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Wa nne alikuwa mwanamke. Alikaa karibu na mlango na hakuegemea kitu.

"Nieleze mimi niliyeacha shule nikachunga ng'ombe," Bulugu alisema.

Juvenali akaeleza. Yeye ndiye mtu wa kompyuta kwenye kampuni ya kuchenjua dhahabu kule Kaniha. Kila mfanyakazi ameandikishwa ndani ya seva, mahali panapoitwa saraka: jina lake, nywila yake, kadi yake na kundi lake. Kuna kundi la Jikoni. Kuna la Ulinzi. Kuna la Ofisi. Na kuna la Hazina, lenye watu wachache sana.

"Ukigusisha kadi, mlango unaiuliza saraka. Huyu ni nani? Halafu unauliza tena, yumo kundi gani? Mpishi akigusisha kadi kwenye mlango wa hazina, saraka inamjua vizuri kabisa. Lakini mlango haufunguki. Kujulikana si kuruhusiwa."

"Basi tutie sisi kwenye hilo kundi," Bernardo alisema.

"Nikimtia mtu leo, seva inaandika kwamba Juvenali kamtia. Kesho niko mahabusu. Tunataka mtu ambaye tayari yumo. Na ambaye hakuna wa kumkamata."

Wote wakamgeukia mwanamke.

Verediana alikuwa mjane wa Rogasian, mtunza hazina. Kabla ya mvua za vuli gari lilimgonga Rogasian akiwa kwenye pikipiki, kona ya kuingia Bisibo, likakimbia. Kampuni ilinunua jeneza, ikatuma watu wawili msibani, ikampa mjane kazi ya kupika. Basi. Kadi ya marehemu polisi waliikuta kwenye mfuko wa shati. Wakampa mjane pamoja na saa na viatu. Kampuni haikuiulizia, na kwenye saraka Rogasian bado alikuwa hai.

"Ilikuwa kazi ya nani kumfuta?" Verediana aliuliza.

"Yangu," Juvenali alisema. "Zilinizidi kazi."

Bulugu akacheka kidogo, bila sauti. "Shemeji, wewe kwenye hili unataka nini?"

"Nataka na wao wa kampuni walie siku moja."

"Watalia." Akamgeukia Juvenali. "Malizia."

Hazina ina milango miwili. Wa nje lazima ujifunge ndipo wa ndani ufunguke. Kutoka ni hivyo hivyo. Katikati ni kijumba cha zege ambamo watu wawili wanasimama kwa kubanana. Kila mlango unauliza upya kila mara. Juvenali atakaa chumba cha seva, azime kamera za nje, abaki kwenye simu mpaka watoke. Ijumaa mchana, wakati meneja yuko mjini Biharamulo na wafanyakazi wako kwenye chakula.

Bulugu akasimama. Akamshika Juvenali shavu kama anavyoshikwa mtoto, akalifinya mpaka macho yakalowa.

"Mlango ukinikatalia," alisema, "mtu wangu anajua mama yako analala chumba gani."

Ijumaa, asubuhi. Njiani.

Gari la Bulugu, Probox, lilipita Nyakahura jua likichomoza, likapita Lusahunga, likaingia barabara ya vumbi kuelekea Kaniha. Juvenali alikuwa ametangulia kazini. Nyuma ya gari kulikuwa na magunia ya maharage ya jikoni. Ndani ya gunia moja, katikati ya maharage, kulikuwa na mguu wa kuku, bastola fupi ya Bulugu.

Verediana alikaa kiti cha nyuma. Kadi ilikuwa mkononi mwake. Picha ya Rogasian juu yake ilikuwa imeanza kuchubuka, sikio moja limekwisha.

Bernardo alimwona kwenye kioo.

"Ishike vizuri, dada. Hiyo ilitaka kutupotea. Iliangukia kwenye majani, nikaitafuta kwa tochi mpaka nikakaribia kukata tamaa."

Bulugu hakugeuza kichwa. Alimpiga Bernardo kofi la mdomo, mara moja, kwa nyuma ya mkono. Gari liliyumba, likarudi barabarani.

Verediana akatazama nje. Mihogo. Ng'ombe. Watoto wa shule wakikimbia pembeni. Polisi walimwambia kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na kifungo cha mfuko kimefungwa. Rogasian hakuwahi kufunga kile kifungo. Kilikuwa kinamsumbua. Siku ya msiba hakuwa na akili ya kulifikiria hilo.

Sasa alikuwa nayo: kadi ilirudishwa mfukoni na mtu mwingine. Kadi ikipotea inafungwa siku hiyo hiyo. Ikirudi nyumbani na maiti, inasahauliwa. Mtu aliyekuwa na tochi alikuwa anajua hilo, au alikuwa ameambiwa na anayelijua.

"Shemeji," Bulugu alisema, akitazama mbele. "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Vizuri. Ungesikia ningekuacha hapa porini. Una uhakika?"

"Nawaza mboga," Verediana alisema. "Leo ni samaki wa kukaanga. Mafuta yanachelewa kuchemka."

Bulugu akamtazama muda mrefu. Lakini alimhitaji zaidi ya alivyomshuku, akageuka.

Ijumaa. Kaniha.

Mlinzi wa geti alimjua Verediana. Akachoma magunia kwa kijiti, akapata maharage, akawapungia mkono Bulugu na Bernardo, waliobeba magunia kama wapagazi, wapite. Kwenye stoo ya jikoni ndipo Bulugu alipofungua gunia na kutoa chuma chake. Verediana akampa kadi. Bernardo alitazama mkono uliotoa kadi, kisha akatazama chini.

Wanaume wakajificha humo, Verediana akaenda jikoni, mpaka kengele ya chakula ilipolia saa sita. Ua likawa tupu.

Kadi iligusa mlango wa nje. Taa ya kijani. Marehemu Rogasian ameruhusiwa. Wakaingia wawili, mlango ukajifunga nyuma yao. Kadi ikagusa wa ndani. Kijani tena.

"Tumo," Bulugu alisema kwenye simu.

"Fanyeni haraka," Juvenali alijibu kutoka chumba cha seva. Kwenye kioo cha kompyuta yake kamera ya ndani ilimwonyesha Bernardo akipanga vipande vya dhahabu kwenye mfuko wa turubai, akivishika kwa mikono miwili.

Mlango wa chumba cha seva ukagongwa. Verediana, na sahani ya ugali juu ya sufuria. Alimletea chakula kila Ijumaa. Juvenali akafungua, akarudi kitini kwake.

"Weka pale. Ondoka."

Verediana akaweka sahani. Sufuria hakuiweka. Akafunua. Mafuta yalikuwa bado yanatoa moshi. Akayaleta karibu na uso wa Juvenali, mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Mume wangu amekufa," alisema. "Kwa nini yumo humo bado?"

"Mama, tafadhali."

"Mfute."

"Wako ndani. Nikimfuta hawatoki."

"Najua. Ulieleza vizuri jana."

"Watamuua mama yangu."

"Hao? Wakiwa mle?" Akainamisha sufuria. Tone likaanguka kwenye paja la Juvenali, suruali ikashikana na ngozi. Akaguna kama mnyama. "Mfute, kijana."

Vidole vya Juvenali vikakimbia. Jina likatokea: Rogasian. Kundi: Hazina. Hali: hai. Akabofya. Saraka ikamuuliza kama ana uhakika. Akabofya tena.

Bulugu na Bernardo walikuwa wameshatoka mlango wa ndani. Ulijifunga nyuma yao. Wakasimama kifua kwa kifua kwenye kijumba cha zege, mfuko wa dhahabu katikati ya miguu. Kadi ikagusa wa nje.

Nyekundu.

Ikagusa tena. Nyekundu.

"Juvenali." Sauti ya Bulugu ilitulia. "Fungua."

Verediana akainamia simu. "Juvenali ana kazi. Mimi ndiye nasikiliza."

Ikasikika pumzi.

"Shemeji. Usifanye utoto."

"Nani aliendesha gari?"

"Gari gani?"

"Mlango mmoja naweza kuufungua kwa mtu mmoja," Verediana alisema. "Yule ambaye hakumuua Rogasian. Mwingine abaki. Amueni ninyi."

Bernardo ndiye aliyeanza. "Yeye ndiye alinituma, dada. Mimi ni dereva tu. Nilimkuta anakoroma, nikamwambia kwa simu huyu bado hajafa, yeye ndiye akaniambia nirudi nyuma. Nirudi na gari."

Verediana alifumba macho.

"Bernardo," Bulugu alisema kwa upole. "Sogea kidogo nipate hewa."

Hapakuwa na mahali pa kusogea. Kwenye kioo walionekana kama watu wanaokumbatiana. Bernardo alimshika bosi wake kiganja chenye bastola na kukigongesha ukutani. Bulugu akamng'ata sikio. Bastola ililia mara moja, na kamera ikatikisika. Bernardo hakuanguka. Alibaki amesimama, amebanwa kati ya ukuta na mtu aliyemuua, kidevu begani kwa Bulugu.

"Tayari," Bulugu alisema. Alikuwa anahema. "Aliyeendesha amekufa. Fungua."

"Bado mmoja. Nani aliwaambia kuhusu kadi?"

Juvenali alitikisa kichwa. Alitikisa haraka haraka, akiitazama simu kama vile Bulugu angeweza kumwona.

"Huyo uliye naye," Bulugu alisema. "Tulimwambia atutajie mtu mmoja wa hazina anayerudi nyumbani peke yake. Akataja haraka kuliko tulivyomwomba. Sasa fungua."

"Sikujua watamuua," Juvenali alisema. "Nilidhani watamwibia kadi."

"Na ulipojua?"

Mikono ya Juvenali ilikuwa bado juu ya kibodi. Verediana akaimwagia sufuria yote.

Mlio wa Juvenali ndio ulioleta walinzi chumba cha seva. Mlio wa bastola ulikuwa umeshawaleta wengine hazina. Hawakuweza kufungua. Msimamizi wa zamu hakuwa kwenye kundi. Mkuu wa ulinzi hakuwa kwenye kundi. Wa kundi hilo aliyekuwa karibu zaidi alikuwa meneja, na meneja alikuwa mjini. Wakasimama nje ya mlango wakimsikiliza Bulugu akitukana kwa Kisukuma, kisha akiomba maji, kisha akimwambia Bernardo ajiondoe juu yake.

Ijumaa, alasiri.

Meneja alikuja pamoja na polisi. Aligusisha kadi, taa ikawa ya kijani, na watu wawili wakatoka pamoja, mmoja hai. Bulugu alikuwa na damu isiyo yake hadi kwenye soksi. Alinyoosha mikono apigwe pingu, kama mtu anayepimwa shati.

Katika fujo ile hakuna aliyemzuia Verediana, lakini hakukimbia. Geti lilikuwa wazi muda wote, wapishi wenzake walikuwa wamekwisha kutawanyika. Alikaa kwenye ngazi za jikoni. Askari alipomuuliza kwa nini, alisema alitaka kumwona Bulugu akitoka.

Waliwapakia kwenye gari moja, Verediana upande huu wa benchi, Bulugu upande ule, askari katikati. Juvenali alipelekwa hospitali na gari la kampuni, mikono imefungwa kwa kitenge cha mtu.

Walipopita pori Bulugu alimtazama Verediana kwa mara ya kwanza.

"Unadhani Juvenali ndiye alitupa jina la mumeo?"

Verediana akamgeukia.

"Alilitaja, ndiyo. Lakini tulikuwa tunalo. Rogasian alikuja mwenyewe dukani kwangu, kabla yako, kabla ya huyo mtoto wa kompyuta. Alitaka kuingia nasi. Alikuwa na mipango mizuri, mumeo. Siku za mwisho akaogopa. Mtu akiogopa, ameshajua mengi."

"Unadanganya."

"Huenda."

"Niambie ukweli. Alikuja?"

Bulugu akatabasamu, akageuza uso kwenye upepo.

"Nakuuliza. Rogasian alikuja?"

Askari akamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa kunong'ona, kisha akaanza kumwita mzee, akamwamkia shikamoo kama mtoto anayeomba. Bulugu alifumba macho na kulaza kichwa kwenye chuma cha gari. Usoni alikuwa ametulia kabisa. Mpaka wanaingia Biharamulo mjini, watu wakisimama kandokando ya barabara kuangalia, Verediana alikuwa bado anamuuliza.