Alama ya Mzinga na Namba ya Pikipiki

Kila Alhamisi asubuhi Ezekia alimpakia mkewe Asnath kwenye pikipiki, wakatoka kijijini. Ndoo moja ya asali ilikaa mapajani mwa Asnath. Nyingine ilifungwa ubavuni kwa mpira. Walipita njia ya mchanga katikati ya miti mpaka Ipole, mahali njia ya vumbi inapokutana na barabara ya lami. Hapo Ezekia alizima injini. Safari yake iliishia hapo.

Pikipiki yake ilikuwa ya Kichina, ya porini, yenye kiti kirefu na tairi za meno makubwa. Aliinunua kwa bei nafuu kwa mfanyabiashara mmoja wa Tabora mjini. Iliuzwa kwa ajili ya kazi za shamba na msitu. Haikuwa na taa, wala indiketa, wala vioo vya pembeni, wala honi, wala namba. Msituni ilikuwa hodari. Ilimfikisha Ezekia kwenye mizinga yake yote ya nyuki. Lakini kwenye lami haikuruhusiwa kukanyaga.

Kituo cha kununulia asali kilikuwa Sikonge. Kwa hiyo kutoka Ipole, Asnath alipanda bodaboda ya Lukumani.

Lukumani alikuwa jirani yao, mtu wa rika la Ezekia. Pikipiki yake iling'aa. Alikuwa na helmeti mbili, moja yake na moja ya abiria.

"Karibu, shemeji," alisema kila Alhamisi. "Kaka Ezekia, usiwe na shaka. Nitamfikisha."

Ezekia aliitikia kwa kichwa tu. Alisimama pale akawatazama mpaka walipopotea kwenye kona. Alipima kwa macho nafasi iliyobaki kati ya mgongo wa Lukumani na ndoo ya asali. Siku nyingine alimsikia Asnath akicheka, na kicheko hicho kilimchoma kuliko nyuki.

Ezekia alikuwa na wivu. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakusema. Alikunja uso, akakataa chai, akamlaumu mbwa.

Jioni moja alishindwa kuvumilia.

"Mama Shukrani, kitenge hicho kipya ni cha kwendea kuuza asali?"

"Ulitaka niende na gunia?"

"Na Lukumani anakuambia nini mpaka mnacheka njia nzima?"

Asnath aliweka mwiko chini. "Baba Shukrani, mimi napeleka asali yako. Kama hutaki nipande pikipiki ya Lukumani, nipeleke mwenyewe mpaka Sikonge. Huwezi? Basi niache nile."

Ezekia hakulala vizuri. Neno "huwezi" lilimrudia usiku kucha.

Sasa, warina asali wa sehemu ile wana desturi yao. Kila mmoja huchonga alama yake kwenye mizinga. Alama ya Ezekia ilikuwa mistari mitatu na duara, na aliirithi kwa babu yake. Mzinga ukioza, mtu huchonga mwingine, akaweka alama ile ile. Hakuna wa kumuuliza. Alama ni ya mtu, si ya mzinga.

Nyuma ya jiko lao ilikuwepo pikipiki ya zamani ya Ezekia, nyeusi, iliyokufa injini miaka mitatu nyuma. Ilikuwa bado na kibao chake cha namba. Kulipokucha, Ezekia alichukua bisibisi. Alikifungua kibao kile, akakifunga nyuma ya pikipiki mpya, ambayo ilikuwa nyekundu.

Asnath alimkuta akikifuta vumbi.

"Hiyo namba si ya ile iliyokufa?"

"Namba ni yangu. Kadi yake ina jina langu. Nimehamisha alama tu."

"Umeuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Lukumani?" alijibu Ezekia.

Alhamisi iliyofuata hakuzima injini Ipole. Alipanda lami na mkewe nyuma. Lukumani alikuwa amesimama pale pale na helmeti ya abiria mkononi. Ezekia alitamani kumpigia honi, ila honi hakuwa nayo. Alijivuna hivyo hivyo.

Walipokaribia Sikonge, askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono.

"Mna helmeti?"

"Hatuna, afande."

"Leseni?"

"Sina, afande. Lakini kadi ninayo." Ezekia alitoa kadi ya pikipiki ya zamani.

Askari aliisoma, akaizunguka pikipiki. Alichuchumaa, akasugua tope karibu na usukani mpaka tarakimu zikaonekana.

"Kadi inasema pikipiki nyeusi. Hii ni nyekundu. Namba ya chesisi kwenye kadi siyo hii iliyogongwa hapa. Bwana, hii pikipiki umeitoa wapi?"

"Nimeinunua."

"Hati za kuinunua?"

"Ziko nyumbani."

"Mpaka nizione, nitaamini umeiiba. Twende kituoni."

Ezekia alimgeukia Asnath. Alitaka kumwonyesha mkewe kwamba anaweza, na sasa mkewe alisikia anaitwa mwizi.

Wakati huo huo bodaboda ikasimama kando yao. Alikuwa Lukumani, hana abiria.

"Kuna nini, kaka?"

Asnath ndiye aliyeeleza. Lukumani alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hati zipo kweli?" aliuliza.

"Zipo. Yule mfanyabiashara alinipa kwenye bahasha."

"Basi tukazilete. Bahasha iko wapi?"

Ezekia alitazama lami. Alitazama ndoo za asali. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini hawakusema inauma namna gani.

"Chumbani," alisema kwa sauti ndogo.

"Chumbani wapi?"

"Chini ya godoro."

Hata askari alikohoa. Asnath aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Wakapakia ndoo ili wazipitishe kituo cha asali kwanza. Asnath alivaa helmeti ya abiria, wakaondoka. Ezekia alibaki kwenye benchi la polisi saa mbili na nusu, na kwa saa mbili na nusu alilifikiria godoro lile. Alimlaumu Lukumani, kisha mkewe, kisha Wachina. Hakukumbuka kulaumu bisibisi.

Waliporudi, Asnath alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Rafiki yako alikataa kufika hata uani," alisema, akimpa bahasha. "Alisimama barabarani. Njia yote ile ya nyumbani nimeitembea mwenyewe kwenye jua, kwenda na kurudi."

"Mwenye nyumba hayupo," alisema Lukumani. "Ningeingiaje?"

Ezekia aliinamisha kichwa. Aliona aibu.

Askari alizikagua hati. Kulikuwa na risiti ya kuuziana na karatasi za forodha. Namba ya chesisi na ya injini zilikuwa zile zile zilizogongwa kwenye pikipiki nyekundu.

"Wewe si mwizi," alisema. "Lakini umetumia namba ya pikipiki nyingine, na hilo ni kosa. Umeendesha chombo kisichosajiliwa, bila leseni, bila bima, bila helmeti. Utalipa faini. Kibao hiki nakichukua. Na hii pikipiki isirudi nyumbani kwa magurudumu yake. Itafutie gari."

Walipokuwa wakisubiri gari, Lukumani alinunua chai. Ezekia alikizungusha kikombe, kisha akasema.

"Lukumani, nifundishe. Mimi nilidhani namba ni kama alama ya mzinga."

"Alama ya mzinga inasema nani mwenye mzinga," alisema Lukumani. "Namba ya pikipiki inasema hii ni pikipiki ipi. Imefungwa na chesisi na injini yake. Pikipiki ikifa, namba yake haihami. Unakwenda TRA, kwa watu wa mapato, kutoa taarifa kwamba haitumiki tena."

"Na ningegonga mtu leo?"

"Bima isingekutambua. Ungemtibu kwa mizinga yako yote, na isingetosha."

"Hii ya porini inaweza kusajiliwa? Au nimetupa hela?"

"Kwa kuwa hati za forodha unazo, tuna pa kuanzia. Wengi hununua bila karatasi kwa sababu ya bei. Hao ndio wanaolia. Lakini kwanza tuifanye ifae barabarani."

Siku ya pili waliipakia tena kwenye gari mpaka kwa fundi Mhoja, mama mwenye gereji ndogo Sikonge. Alifunga mikono ya ovaroli kiunoni, akaizunguka pikipiki kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Tairi za meno hizi zinateleza kwenye lami, hasa ikinyesha," alisema. "Tuweke za njia zote. Zitakupeleka msituni na mjini. Taa ya mbele, taa ya nyuma, taa ya breki, indiketa nne, vioo viwili, honi. Ekzosi hii inapiga kelele, tuweke yenye kizuia sauti. Na hapa nyuma hakuna vikanyagio. Abiria wako anaweka miguu wapi?"

Ezekia alimtazama mkewe. "Anaining'iniza," alisema.

"Mwaka mzima," aliongeza Asnath.

"Tutafunga vikanyagio," alisema Mhoja. "Breki nazo nitazikaza. Jambo moja tu. Mtu yeyote akikuambia akwangue hizi tarakimu za chesisi, au achomelee juu yake, mfukuze. Tarakimu zikifutika, hutasajili kamwe."

Kazi ilichukua siku nne. Ezekia aliuza madebe mawili ya nta kuilipa.

Kisha wakaipakia kwenye gari mpaka Tabora mjini. Lukumani alimwongoza hatua kwa hatua, na kila hatua Ezekia aliuliza maswali mawili. Polisi waliikagua pikipiki na kulinganisha tarakimu na hati. Ofisi ya TRA ilitaka kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, hati za forodha na risiti ya mauziano.

"Kuna jamaa hapo nje anasema ataniharakishia," Ezekia alinong'ona.

"Mwache huko huko nje," alisema Lukumani. "Lipa kwa namba ya malipo unayopewa na ofisi, na risiti uiweke. Ada hubadilika. Waulize wenyewe, usiniulize mimi wala yule."

Baada ya siku chache Ezekia alipata kadi yenye jina lake na vibao vipya. Akakata bima siku hiyo hiyo. Akanunua helmeti mbili. Alipotaka kuwasha aondoke, Lukumani alimshika bega.

"Pikipiki imesajiliwa. Wewe bado."

"Mimi nimeendesha miaka kumi."

"Msituni. Nyuki hawaulizi leseni."

Kwa hiyo Lukumani akairudisha yeye pikipiki nyumbani, na Ezekia akaenda shule ya udereva. Alijifunza alama za barabarani, kupisha, kupita gari, kutoa ishara kabla ya kukata kona. Alishangaa ni mangapi hakuyajua. Lakini wiki zote hizo, Alhamisi zilikuja kama kawaida, na Asnath alipanda bodaboda ya Lukumani. Wivu haukuondoka kwa sababu tu mtu amekuwa mwema. Siku moja Ezekia aliuliza tena, "Leo mmecheka nini?" Asnath akamjibu kwamba leo hawakucheka, mvua ilikuwa ikiwapiga mdomoni. Ezekia akacheka mwenyewe, akaenda kusoma alama zake.

Alifaulu mtihani. Akapata leseni ya daraja la pikipiki.

Alhamisi ya kwanza, Asnath alivaa helmeti, akaweka miguu kwenye vikanyagio, akamshika mumewe kiunoni. Walifika Sikonge mapema, asali haikumwagika hata tone. Askari yule yule aliwasimamisha, akasoma kadi, bima na leseni, akawaruhusu. Mnunuzi alipoona mzigo unafika kwa wakati kila wiki, aliwaomba walete na asali ya majirani. Ezekia akawa mtu wa kutafutwa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, Ezekia na Asnath walipofika penye lami, walimkuta Lukumani amesimama na mkewe Najiat. Najiat alikuwa mjamzito, miezi saba, na siku hiyo ilikuwa ya kliniki. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo, na kichwa kilimuuma tangu usiku.

"Kaka Ezekia," alisema Lukumani. "Yangu iko kwa Mhoja, injini imefunguliwa. Magari ya asubuhi yamekwisha kupita. Nakuomba umpeleke Najiat hospitali."

"Hilo halina shida," alisema Ezekia.

Asnath alishuka na ndoo zake, akamsaidia Najiat kupanda. Najiat alipokaa, aliyumba kidogo, akamshika Ezekia bega. Lukumani alisogea karibu. Alikaza mkanda wa helmeti ya mkewe, ingawa ulikuwa umekazwa. Akagusa kiti. Akatazama nafasi kati ya mgongo wa Ezekia na tumbo la mkewe.

"Mtaenda polepole?" aliuliza.

"Polepole."

"Utamsubiri mpaka daktari amwone?"

"Nitamsubiri."

"Sawa," alisema Lukumani, lakini hakuondoa mkono kwenye usukani.

Ezekia aliyafahamu yale macho. Alikuwa ameyavaa mwaka mzima, hapo hapo penye lami. Angeweza kuwasha na kuondoka. Angeweza hata kupiga honi, maana sasa alikuwa nayo.

Alishuka. Akavua helmeti, akampa Lukumani pamoja na ufunguo.

"Mpeleke mwenyewe. Leseni unayo. Kadi na bima ziko chini ya kiti."

"Na asali yenu?"

"Asali haiozi. Mama Shukrani na mimi tutakaa hapa kivulini, tutakusubiri."

Lukumani aliipokea helmeti, akaivaa. Alipanda, Najiat akamkumbatia kwa nyuma. Indiketa ikawaka, akatazama kioo, akaingia barabarani polepole.

Ezekia alikaa juu ya ndoo, karibu na mkewe. Alimtazama Lukumani mpaka akapotea kwenye kona, na mara hii moyo wake ulikuwa umetulia kabisa.