Alama ya Kidole Ndani ya Taa

"Kaka, unanunua nyama au unanunua taa?"

Foleni ya bucha katika soko la Újpest ilikuwa imefika hadi kwa wauza kabichi chachu, na sisi watu wa Újpest Jumamosi asubuhi hatuna subira hata ya kukopesha. Kijana aliyeulizwa swali hilo alikuwa amesimama mbele ya kaunta, shingo imekunjwa nyuma, macho darini, huku muuzaji akigonga kisu ubaoni kumwamsha.

"Samahani, dada," alijibu bila kushusha macho. "Hebu itazame ile ya katikati. Imegeuka rangi."

Dada akaitazama. Juu ya nyama zilining'inia taa kali. Zile za pembeni zilikuwa nyeupe, lakini ya katikati ilikuwa imeingia ukijani, na maini yaliyokuwa chini yake yalionekana kama yameugua.

"Kitungi cha humo ndani ni cha kwarzi, kioo tu," alisema. "Chumvi za ndani zimeshaanza kuula ukuta wake. Ingekuwa na kitungi chetu cha kauri ya alumina, isingegeuka hivyo."

Hapo kijana akashusha macho. Alimwona msichana mrefu mwenye koti la rangi ya haradali na skafu ya kijani, nywele nyeusi zimefungwa kwa haraka, mikono yote miwili imezamishwa mifukoni.

"Chetu? Chetu na nani?"

"Na wewe, kama hicho kitambulisho kwenye mkanda wako si cha kuokota."

Kumbe walikuwa wa kiwanda kimoja. Lóránt Csernus alisanifu taa kwenye jengo jipya la vioo. Emőke Halmos alikuwa kwenye chumba cha kauri, jengo la matofali nyuma ya matangi ya gesi, na kati ya majengo hayo mawili watu hawakutembeleana. Muuzaji aliwafukuza wote wawili kwenye foleni. Walikwenda kula lángos, mkate bapa wa kukaanga wenye krimu chachu na jibini, wakiwa wamesimama, Lóránt akachora umbo la yai kwenye karatasi yenye mafuta.

"Vitungi vya sasa ni mrija wenye vizibo," alieleza, mdomo umejaa. "Kwenye kona kunabaki baridi, chumvi zinajificha huko, rangi inayumba. Mimi nataka kitungi kisicho na kona. Ukuta unene mmoja, joto moja kila mahali."

"Na yai lako nani atalifinyanga?"

"Ndilo ninaloulizia."

"Basi uliza vizuri, na kwanza unifutie hiyo krimu kwenye skafu."

Mapenzi yao yalianzia hapo. Yai nalo lilifinyangwa, na aliyelifinyanga ni Emőke na wenzake wawili. Kila kitungi kilikuwa nusu mbili za unga mweupe uliogandishwa, zinaunganishwa kiunoni zingali mbichi, kisha mshono unalainishwa kwa ncha ya kidole kitupu, kwa sababu glavu huuchana. Baada ya hapo kitungi kinaingia kwenye tanuri la haidrojeni na kutoka kigumu, kinapitisha nuru kama ukucha wa mtoto. Ndani yake umeme unaruka kutoka ncha hadi ncha, na hiyo ndiyo taa. Kwa kuwa kidole ni kitupu, na mafuta yakiingia mshononi huudhoofisha, chumba cha kauri kina sheria inayosomwa na kila mwajiriwa wa kiwanda wiki ya kwanza: mshonaji hapaki krimu, hapaki poda, hapaki rangi ya midomo. Lóránt aliisoma wiki yake ya kwanza, akaisahau wiki yake ya pili.

Mikono ya Emőke ndiyo iliyokuwa aibu yake. Ule unga hunyonya mafuta yote ya ngozi. Vidole vyake vilipasuka kama vya mzee, na kwenye sinema alikuwa akivificha chini ya mkoba.

"Nipe mkono, kipenzi," Lóránt alikuwa akinong'ona.

"Tazama filamu."

"Nimeshaitazama. Nipe mkono."

Siku Lóránt alipomwalika nyumbani kwa mama yake, mwalimu mstaafu wa piano, alimletea kijisanduku chenye utepe. Ndani mlikuwa na krimu ya waridi, ya bei ya kutisha. Mtu wa duka la viatu angempa mpenzi wake zawadi hiyo na asidhuru kitu. Emőke alijua sheria. Lakini mama wa piano hutazama vidole vya kila mtu kwanza, na Jumapili ile Emőke alijipaka mpaka kwenye viwiko. Walikunywa chai, wakala keki za cheri chachu, na mama akamshika mikono mlangoni akasema, "Mikono laini hivi, mwanangu!" Emőke alirudi nyumbani akiruka ruka. Jumatatu alinawa kwa maji safi ya maabara, akanawa tena, akakaa kushona vitungi vya majaribio. Alijiambia imetoka. Alipovua barakoa akasikia harufu ya waridi kwenye vidole, akaamua hajaisikia.

Siku ya kuonyesha taa, wanunuzi wa mtandao mkubwa wa maduka walikaa mstari wa mbele, miwani myeusi usoni. Lóránt alivaa suti ya kijivu iliyombana mabega. Emőke alisimama mlangoni na trei ya vitungi vya akiba, kioo cheusi mkononi. Taa ikawashwa. Ikaanza na wekundu, ikapanda, ikawa nyeupe safi, na wageni wakaguna kwa kuridhika. Kisha kiunoni mwa yai likajitokeza doa la hudhurungi, na kadiri joto lilivyopanda doa likapata mistari, mistari ikajipinda, na Emőke akaitambua alama ya kidole chake. Halafu taa ikapasuka kwa kishindo ndani ya sanduku lake. Kitungi kikawa vumbi.

"Nini hiki, Csernus?" aliuliza mkurugenzi, Bwana Szendrei, mzee wa sauti ndogo anayeogopwa kuliko wapiga kelele.

Lóránt aliona suti yake yote imeloa jasho. "Si umbo, bwana mkurugenzi. Ni uzembe wa chumba cha kauri. Kuna mtu kashika na mikono michafu."

Trei iligonga mlango. Alipogeuka, Emőke hakuwapo tena.

Chumba cha kauri kilipata mkutano wake siku hiyohiyo. Shangazi Gizella, msimamizi, mwanamke mnene asiyetabasamu hovyo, aliwasimamisha washonaji mbele yake.

"Kuna aliyepaka kitu? Semeni sasa, nitajua la kufanya. Krimu, poda, chochote?"

Wenzake walitikisa vichwa. Na Emőke, uso unawaka hadi shingoni, naye akatikisa.

"Basi nitakula kiapo kwa ajili yenu," alisema Shangazi Gizella, na akaenda kukila. Emőke alitamani ardhi immeze, yeye pamoja na meza zake na tanuri lake.

Lóránt alipiga simu mpaka betri ikamfia. Siku ya tatu ikapokelewa.

"Roho yangu, umekasirika?"

"Ulisema mikono michafu."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa! Sikuwa nikisema yako."

"Ulikuwa ukisema ya nani, Lóránt? Tuko watatu. Ulichagua yupi?"

"Sikuchagua mtu. Nilitaka tu isiwe mimi."

Emőke aliona neno liko kwenye ulimi, *ni mimi*, akalimeza. Alidhani Lóránt anajua. Alidhani aliliona doa na kulielewa kama alivyolielewa yeye. Kumbe mwenzake aliona doa tu.

"Hata hivyo yameisha," Lóránt aliendelea, sauti imechoka. "Shangazi Gizella kaapa kwamba mikono ilikuwa safi. Wameshaamua kosa ni la umbo. Ijumaa wanaifuta taa yangu. Na labda wako sahihi, Emőke. Labda mshono hauwezi kukaa kiunoni. Labda nimechora upuuzi."

"Si upuuzi."

"Wewe unajuaje?"

Emőke akakata simu. Alikaa kitandani na mikono mapajani, akaitazama kwa chuki. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja aliyejua kwamba yai halina kosa, na mtu huyo alikuwa ametikisa kichwa.

Ijumaa aliingia chumba cha mikutano bila kuitwa, na ovaroli nyeupe, wavu bado kichwani. Meza ilijaa wakubwa. Lóránt alikuwa katikati, kalamu mkononi.

"Bwana mkurugenzi, ni mimi," alisema, akiogopa kwamba akivuta pumzi atakimbia. "Nilipaka krimu Jumapili, nikashona Jumatatu. Ile alama ni ya kidole changu. Shangazi Gizella aliniuliza nikamdanganya, yeye hana kosa. Na umbo halina kosa. Tengenezeni vingine kwa mikono ya wenzangu, mtaona."

Bwana Szendrei alivua miwani. "Mshonaji wa miaka yote hii. Krimu ya nini?"

"Ya waridi."

"Uliinunua?"

"Nilipewa."

"Na nani? Maana kama humu kiwandani kuna mtu anayewagawia washonaji krimu, ningependa kumfahamu."

Emőke alitazama sakafu. Hakumtazama Lóránt, na ndiyo heshima ya mwisho aliyompa. Lóránt alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Sasa alielewa yote kwa mpigo: doa, simu, mikono chini ya mkoba. Masikio yalimwaka moto. Kinywa kilifunguka. Aliwaza taa, aliwaza macho ya wakubwa, aliwaza nitasema baada ya mkutano, nitasema vizuri zaidi. Akafunga kinywa, akaitazama kalamu.

"Nilipewa na mtu ambaye hakufikiri," alisema Emőke, akatoka.

Vitungi vipya vilishonwa. Taa ikawaka wiki nzima, nyeupe palepale, haikuyumba. Bwana Szendrei alimmiminia Lóránt pálinka, pombe kali ya matunda, ofisini na kumwita "mwanangu". Emőke alihamishiwa chumba cha kufungasha, kukunja maboksi, na huko hakuna sheria ya krimu. Lóránt alikunywa kile kikombe, akarudi mezani kwake. Usiku hakulala, mchana hakula, na mama yake alipopiga simu kuuliza, "Yule binti wa mikono laini mbona haji?" alimkatia simu mama yake mzazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

Alimfuata Emőke kwenye maboksi saa ya chakula cha mchana. Alikuwa na pete mfukoni na hotuba kichwani. Hotuba ilimtoroka.

"Nioane na wewe, Emőke. Namaanisha... tuoane. Nakupenda. Siwezi."

Wanawake wa kufungasha waliacha kufungasha. Emőke alimaliza kukunja boksi lake, akalibonyeza kingo kwa vidole vilivyopona.

"Ulikuwa wapi Ijumaa?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Nataka useme."

"Nilikuwa nimekaa."

"Sasa wewe unataka kwenda kwa msajili wa ndoa, mbele ya watu, useme utasimama nami maisha yote. Na 'mimi ndiye niliyempa' ilikushinda mbele ya Szendrei?" Sauti yake ilitetemeka, na alikasirika kwamba inatetemeka. "Mimi nilimdanganya Shangazi Gizella nikaona nimekuwa takataka. Nikaenda nikasema nikiwa takataka hivyohivyo. Wewe unasubiri usafike kwanza?"

"Emőke..."

"Rudisha pete mfukoni. Mapumziko yanakwisha."

Lóránt alitoka pale akiwa hajui miguu inampeleka wapi, na miguu ikampeleka chumba cha kauri. Shangazi Gizella alimzuia mlangoni kwa mkono mmoja.

"Viatu."

"Sitaingia, shangazi. Nimekuja kusema ile krimu nilimpa mimi. Sheria niliisoma. Na niliita mikono yenu michafu mbele ya wageni. Hakuna aliyekuwa mchafu ila mimi."

Washonaji waliinua vichwa. Shangazi Gizella aliushusha mkono.

"Hilo huku tulilijua," alisema. "Msichana wa mshahara wetu atanunua wapi waridi lile? Tulikuwa tunangoja uone haya. Sasa nenda ukaliseme kule walikokunywesha pombe."

Akaenda. Yaliyosemwa ofisini kwa Bwana Szendrei sitayasimulia kwa kirefu. Mlango ulikuwa wazi na nusu ya jengo la vioo ilisikia. Lóránt alipotoka, watu waliokuwa wakimsalimia kwa jina walikuwa na kazi nyingi ghafla. Alishuka ngazi, akasimama uani kando ya matangi ya gesi, akatoa simu.

"Haloo?"

"Nimesema."

"Kwa nani?"

"Kwa Shangazi Gizella. Kwa Szendrei. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo kwa wote."

"Wamesemaje?"

"Taa kapewa mwingine aimalizie. Mimi naenda kituo cha majaribio, kuhesabu balbu zinazozimika. Wewe hurudishwi kwenye kauri, niliomba, wamekataa. Sijakuokolea chochote, Emőke. Nimesema tu."

Alisikia maboksi yakiburuzwa upande wa pili, na mtu akimwuliza Emőke kuna nini, naye akisema ngoja.

"Una aibu?" aliuliza hatimaye.

"Siwezi kuinua uso. Watu wanapita, nautazama ukuta."

"Mimi wiki ya tatu hii nautazama."

"Nitakuja nikitulia. Kesho labda. Niwe mtu kwanza."

"Hapana," alisema Emőke. "Kesho utakuwa umeshatafuta maneno mazuri. Njoo sasa, na uso huohuo."