Ugali wa Bibi Mokami

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Boke alisaga wimbi, ulezi wa ugali wao, kwenye jiwe la mama yake, na kila asubuhi alikunja uso. Aliidharau kengele ya shamba la ujamaa. Alizidharau nyumba zao zilizopangwa kwa mistari kama madawati. "Kenya watu wanakula mkate," aliwaambia wenzake huku amebinua midomo.

Kwa hiyo Boke alifurahi baba yake, Wangwe, alipomwambia watavuka mpaka pamoja kwenda Kenya. Jicho moja la Wangwe lilikuwa limefunikwa na ukungu, na hospitali ya huko ilimtaka afike asubuhi na mapema apasuliwe. Kilichobaki ni mahali pa kulala usiku mmoja.

Nyumba ya wageni ya kwanza ilikuwa imejaa. Katika ya pili, karani alizitazama katambuga zao za matairi, akacheka.

"Mzee, hapa si kijiji cha ujamaa, kila kitu cha wote! Rudini kwenye foleni zenu."

Boke alisikia masikio yakiwaka moto.

Alasiri wakafika kwa Bibi Mokami, mjane wa Kikurya kama wao, aliyekuwa akipepeta wimbi uani. Wangwe alimwamkia kwa Kikurya, wakaulizana ukoo, mvua na ng'ombe. Mahali pa kulala hakupaomba, hapakuhitaji kuombwa. Bibi akatenga ugali mweusi na kibuyu cha maziwa ya mgando.

Boke aliutazama ugali. Yaani amevuka mpaka aje kula chakula hiki hiki?

"Mimi nimeshiba," alisema, akaisukuma sahani kwa vidole viwili.

Tonge la Wangwe likakwama mkononi. Bibi Mokami akaiinua sahani polepole.

"Mtoto, aliyekataa ugali wangu ameikataa nyumba yangu. Nendeni mkalale mnapopaona pazuri."

Wangwe hakubisha. Alichukua mfuko wake, akatoka, akajikwaa kwenye jiwe la mlangoni ambalo jicho lake halikuliona. Boke alimdaka mkono.

Akamwacha hapo, akarudi ndani, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi. Naomba ugali ule."

"Umepoa."

"Nitaula hivyo hivyo. Hata nyumbani ninausaga mimi mwenyewe."

"Wewe? Na hivyo vidole viwili?" Bibi alicheka kwa dharau. "Jiwe la kusagia lile pale. Hebu tuone."

Boke alisaga mpaka jasho likamdondoka puani. Bibi alichota unga kiganjani, akaunusa, kisha akaita kwa sauti, "Wangwe! Unasimama nje kama mgeni?"

Walipokuwa wanakula, Wangwe alimgeukia binti yake.

"Yule karani alitudharau, ukaumia. Hata kabla jua halijazama, nawe ukamdharau bibi huyu kwa chakula cha kwenu. Mwanangu, ukikidharau kilichokulea, unamwonyesha kila karani namna ya kukudharau wewe."

Boke alimega tonge jingine, akamwekea baba yake mkononi.