Posa kwa Herufi Nene

"Irudishe hiyo karatasi ilikotoka," Mzee Mayunga alisema, akiisukuma kwa ncha ya fimbo. "Hii haiposi. Hii inafukuza."

"Baba, hujaisoma."

"Nimeiona. Yatosha."

Dorika aliiokota. Mchumba wake Lukelo, karani wa ofisi moja mjini Ifakara, alikuwa ameichapa barua ya posa kwa herufi kubwa tupu, nyeusi, nene, zilizobanana kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Herufi za namna ile ile ndizo za notisi iliyobandikwa mwaka uliopita kwenye ukuta wa mashine ya kukoboa mpunga pale Namawala, ikiwaamuru wafugaji waondoe mifugo bondeni. Mayunga aliiondoa. Nusu ya kundi ilifia njiani. Iliyobaki iliuzwa kwa bei ya majuto.

Kesho yake Dorika alikuwa kwenye steshenari ya Balbina.

"Usiguse neno hata moja, dada. Badilisha herufi tu."

"Nikuwekee za kadi za harusi?"

"Zenye adabu."

Balbina alichagua herufi nyembamba, zilizoinama kidogo, zenye nafasi ya kupumua.

Mayunga aliisoma polepole, midomo ikitembea.

"'Tunaomba kwa unyenyekevu...' Huyu sasa kalelewa. Ni nani?"

"Lukelo, baba. Maneno ni yale yale."

Mzee aliikunja barua taratibu.

"Basi macho yangu yamenidanganya. Mwambie alete mshenga."

Dorika alimwandikia Lukelo ujumbe: "Baba amekubali! Nilibadilisha herufi tu."

Simu iliita papo hapo.

"Umebadilisha kwa ruhusa ya nani? Zile nilizichagua mwenyewe."

"Kwa nini zile, Lukelo?"

Alicheka. "Mpenzi, wafugaji nawajua. Akiona herufi za ofisi atanywea. Na mtu aliyenywea hapandishi mahari."

"Unajua zilimfanya nini baba yangu?"

"Notisi ile niliichapa mimi, Dorika. Kazi ni kazi."

Nje, ufagio ulikuwa ukikwaruza ardhi. Mzee Mayunga alikuwa akifagia zizi tupu, wapate pa kulala ng'ombe wa mahari.

"Barua yako ni ile ya kwanza," Dorika alisema. "Baba aliielewa kwa kuitazama. Mimi niliisoma yote nisielewe."

"Maana yake nini?"

"Usimtume mshenga."

Alikata simu, akatoka, akasimama mlangoni pa zizi.

"Baba, acha kufagia."

Mzee alimtazama usoni. "Zizi hufagiliwa hata likiwa tupu," alisema. Aliinama, akaendelea kufagia.